Mont: Vitafunwa Vitamu vya Soko la Asubuhi nchini Myanmar

Mont ni jina la jumla ambalo wasemaji wa Kiburma hulitumia kwa vyakula vidogo vidogo, aghalabu vya unga wa mchele, ambavyo huliwa nje ya mlo mkuu na ambavyo Mswahili angeviita vitafunwa. Jina hilo hukusanya vyenye chumvi na vyenye sukari pamoja, kiasi kwamba hata mohinga, yaani tambi za mchele zilizomiminiwa mchuzi mzito wa samaki, hubeba neno hilohilo mwanzoni mwa jina lake. Makala hii inazihusu mont tamu, jinsi zinavyotengenezwa na jinsi zinavyoonjwa katika masoko ya asubuhi ya Myanmar, nchi iliyojulikana kimataifa kwa jina la Burma hadi mwaka 1989, na ambayo jina lake hilo la zamani liliingia katika masimulizi ya Afrika Mashariki kupitia askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopelekwa huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Wakati wake

Katika desturi ya Waburma kitu kitamu si lazima kifuate mlo. Chakula cha mchana huweza kumalizwa kwa kipande cha sukari guru au kwa lahpet, yaani majani ya chai yaliyochachushwa, ilhali mont huliwa asubuhi au alasiri pamoja na chai. Asubuhi ina sababu zake: tui la nazi huchacha upesi katika joto, na unga wa mchele uliopikwa ukapoa huanza kukakamaa, hivyo mtengenezaji hupika alfajiri na kuuza vikiwa vingali laini. Aidha, watawa wa Kibudha, ambao kanuni zao zinawakataza kula chakula baada ya adhuhuri, hupita asubuhi wakipokea sadaka, na baadhi ya vitafunwa vya sokoni huishia katika mabakuli yao. Soko kwa Kiburma ni zay, nalo lipo karibu kila mji. Kati ya yanayojulikana sana ni Zegyo la Mandalay na Mani Sithu la Nyaung-U, karibu na mahekalu ya Bagan, na katika Jimbo la Shan yapo masoko ya zamu ambayo humzungukia mnunuzi kijiji kwa kijiji na kurudi palepale kila baada ya siku 5.

Malighafi

Mont nyingi tamu husimama juu ya vitu 3, navyo ni mchele, nazi na sukari guru. Mchele ni wa namna mbili, ule wa kawaida na ule wa kunata, ambao ukiiva hushikamana na kuvutika. Upo pia wa kunata wenye rangi ya zambarau iliyokoza, uitwao ngacheik, ambao hupikwa kwa mvuke na kuliwa na nazi iliyokunwa pamoja na ufuta uliotwangwa na chumvi. Sukari guru, htanyet kwa Kiburma, haitokani na muwa bali na mti uitwao htan, ambao ni ndugu wa karibu wa mvumo wa Afrika Mashariki. Wagema wa ukanda mkavu wa kati ya nchi hupanda mitini kwa ngazi, hukata ncha za vikonyo vya maua na kutundika vyungu, kisha utomvu huchemshwa kwenye makarai hadi uwe mzito wa kufinyangwa vidonge vya rangi ya kahawia. Kazi hiyo haingoji, kwa kuwa utomvu usipochemshwa mapema huchacha ukawa tembo, jambo ambalo mgema wa mnazi wa Pwani analielewa bila kuelezwa.

Aina na mapishi

Njia iliyo bora ya kuzipanga mont ni kufuata moto unaozipika. Zinazochemshwa huwakilishwa na mont lone yay baw, maana yake vitonge vielevyo majini: unga wa mchele wa kunata hukandwa, ukaviringwa kukizunguka kipande kidogo cha sukari guru, kisha kitonge hutumbukizwa katika maji yanayochemka, ambamo huzama kwanza na kuibuka kikiiva, kikatolewa na kunyunyiziwa nazi. Sukari iliyo ndani huwa imeyeyuka, na hivyo mlaji aking'ata hukutana na asali ya moto. Vitonge hivi ni vya Thingyan, sikukuu ya mwaka mpya inayoangukia katikati ya Aprili, wakati ambapo wapishi hupenda kuficha pilipili ndani ya kimoja au viwili kwa utani.

Zinazopikwa kwa mvuke ni kama mont phet htoke, ambayo ni unga wa kunata uliojazwa nazi na sukari guru na kufungwa katika jani la mgomba. Za mafuta ni kama mont let kauk, maandazi ya unga wa mchele yenye umbo la bangili, ambayo huchovywa katika shira ya sukari guru. Za mkaa ndizo zinazomtaka mpishi awe macho zaidi. Bein mont, ambayo jina lake limetokana na afyuni kwa sababu ya mbegu za mmea huo zinazonyunyiziwa juu yake, ni chapati ya maji ya unga wa mchele, nazi na karanga. Uji wake humiminwa katika kikaango kidogo, kikafunikwa na kupaliwa makaa juu, kama wapishi wa Pwani wanavyofanya kwa mkate wa kumimina, hadi ukingo ukauke na kuwa mwembamba wa kuvunjika huku kati pakibaki pororo.

Kundi jingine lina asili ya mahusiano na Bara Hindi, yaliyopanuka wakati Burma ilipotawaliwa kama mkoa wa India ya Waingereza kuanzia 1886 hadi 1937. Humo mna sanwin makin, keki ya suji na tui la nazi; hpaluda, ambayo Mombasa na Unguja huitwa faluda; na halawa ya mji wa Pathein, ambayo jina lake lina shina moja na haluwa ya Oman na Zanzibar, ingawa yenyewe hutengenezwa kwa mchele wa kunata.

Kuonja

Utamu wa mont huwa wa kiasi, kwa sababu sukari guru ina harufu ya moshi na uchungu wa mbali, na chembe ya chumvi hutiwa mara nyingi ili kuiinua nazi. Tofauti kati ya mont na mont kwa hiyo hujulikana kwa meno zaidi kuliko kwa ulimi: ipi inavutika, ipi inavunjika, ipi inayeyuka. Mwonjaji hufanya vyema akianza na zilizotoka mvukeni, ambazo ladha yake ni nyepesi, akafuatisha za mkaa na za mafuta, na kumalizia kwa shwe yin aye, bakuli la tui baridi lenye sagu, tambi za kijani na kipande cha mkate, ambalo jina lake lina maana ya kupoza kifua. Anayetaka kuzijua mont kwa haki na afike sokoni kabla jua halijapanda, kwani kile kinachouzwa adhuhuri kina jina lilelile, lakini ulaini wake umekwisha kwenda.