Maneno Yaliyokatwa na Vita vya Mpakani

Wasikilizaji wangu, mtu akisimama Tunduma akatazama upande wa Nakonde, haoni mto wala mlima utengao nchi mbili. Mpaka ule ulikatwa kwa kalamu huko Ulaya, tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani walipopatana; na mwaka 1898 wakaja mabwana wenye vyombo vya kupimia, wakauweka juu ya ardhi. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanyika, huyu chini ya Kaisari, na ndugu yake chini ya Mwingereza. Walakini hawakuwa adui. Hata Wazungu wenyewe hawakuwa adui huku kwetu. Wamoravia wa Mbozi, walioanza kazi yao mwaka 1899, na Waskochi wa Mwenzo, ng'ambo ya mpaka, walihubiri Injili ileile. Katika Ziwa Nyasa, Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, na Berndt, nahodha wa meli ya Wajerumani, walikuwa marafiki. Hata tarehe 13 Agosti, 1914, Rhoades akaja Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaipiga mizinga meli ya rafiki yake iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Yasemwa kwamba Berndt alikuwa hajapata bado habari ya vita.

Basi uadui ule ulitoka wapi? Wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu hunijibu upesi kwamba ulitoka katika uongo. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Maneno yaliyofanya kazi kubwa zaidi hayakuwa uongo mtupu. Yalikuwa maneno ya kweli yaliyokatwa kichwa au mkia.

Ustadi huo ulikuwa umekwisha kujulikana Ulaya. Tarehe 13 Julai, 1870, balozi wa Ufaransa alimwendea mfalme wa Prusia katika mji wa Ems, akamtaka aahidi kwamba hakuna mtu wa jamaa yake atakayeshika kiti cha enzi cha Hispania kamwe. Mfalme alikataa kwa adabu, kisha habari ikapelekwa kwa simu kwa waziri wake, Bismarck. Bismarck hakuongeza neno, alipunguza tu. Habari ilipotoka magazetini, Wafaransa waliona balozi wao ametukanwa, na Wajerumani waliona mfalme wao ametukanwa. Siku sita baadaye Ufaransa ikatangaza vita. Na Bismarck hakulificha jambo hilo alipokuwa mzee. Alilieleza mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Sasa turudi katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba, 1913, Gavana Schnee wa Dar es Salaam aliwapelekea maofisa wake waraka wa siri. Aliwauliza, Uislamu unaenea, nao wadhani waweza kuzuiwaje? Je, yawezekana kuupiga marufuku? Tena waraka ukataja kwamba ufugaji wa nguruwe ungeweza kusaidia. Ulikuwa waraka wa aibu, wala siutetei. Walakini ulikuwa waraka wa kuuliza, na marufuku ile haikutungwa.

Ukapita mwaka mmoja. Mwezi wa Novemba, 1914, Sultani wa Stambuli, ambaye sasa alikuwa upande wa Wajerumani, akatangaza jihadi. Gavana yuleyule aliyeuliza jinsi ya kuuzuia Uislamu akaueneza wito ule, ili Waislamu wa nchi hii wawaone Waingereza kuwa adui wa dini. Waingereza nao hawakukaa kimya, maana Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, aliwasihi Waislamu wasiufuate wito huo. Kisha, Waingereza walipoiteka Moshi mwezi wa Machi, 1916, wakapata miongoni mwa karatasi za Wajerumani waraka ule wa 1913. Hapo ulianza maisha mapya. Maswali yakasomwa kama amri. Jambo la kufikiriwa likawa jambo lililokwisha kuamriwa. Nao nguruwe, waliotajwa kwa maneno machache, wakawa ndio habari yenyewe. Watu wakaambiwa kwamba Wajerumani wamekusudia kuufuta Uislamu. Kila neno laweza kuonyeshwa katika karatasi, na hiyo ndiyo nguvu yake: mwongo mtupu hukamatwa, lakini mwenye karatasi mkononi nani atambishia?

Na yule aliyetaka kuuliza sababu ya vita, alipata nini? John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, alikwisha kusikia habari za Karonga, walikopigana tarehe 9 Septemba, 1914. Mwezi wa Novemba akaandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao, waache wajane na yatima, badala ya matajiri na wenye mashamba kwenda wenyewe. Serikali ikaliondoa toleo lile la gazeti. Januari iliyofuata aliinuka kwa silaha, na tarehe 3 Februari, 1915, akauawa. Mimi sisemi kwamba barua ile ingesimamisha vita. Nasema kwamba maneno yaliyokatwa yaliachwa yatembee, na maneno kamili yakazuiwa.

Huku mpakani yaliyofuata yajulikana. Mwezi wa Mei, 1916, Jenerali Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na Wajerumani wakarudi nyuma. Wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa kifungoni, na kazi yao ya Rungwe ikaangaliwa na Waskochi. Mizigo ya majeshi ilibebwa kwa vichwa vya watu, ambao huku waliitwa tengatenga. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, nao wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa, si risasi. Na wale walioondoka bila jina kuandikwa hawamo katika hesabu hiyo.

Mwisho wa Oktoba, 1918, Lettow-Vorbeck alirudi kutoka kusini, akapita Mbozi, akaipiga boma ya Fife bila kuiteka, kisha akaenda Kasama. Ulaya silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba. Wito wa jihadi ulikuwa umeenezwa mbali, na waraka wa nguruwe vilevile. Lakini habari ya amani ilimfikia Lettow-Vorbeck siku ya tarehe 13, kwa njia ya mjumbe wa Kiingereza aliyekamatwa na watu wake njiani. Tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, askari wake Waafrika 1,168 wakaweka silaha chini mbele ya askari Waafrika wa upande wa pili.