Mwenye Kiwanda na Mwenye Duka: Safari ya Filamu ya Picha hadi Kombewa

Filamu ya picha, yaani ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa jeli yenye chembe za fedha zinazobadilika zikipata mwanga, ilitengenezwa na viwanda vichache mno duniani, na kwa hiyo wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria walimjua mtengenezaji kwa jina la kwenye kisanduku tu. Roli ya picha 36 kutoka kiwanda cha Kodak cha Rochester, Marekani, ilishushwa Mombasa, ikapitia kwa mawakala wa Nairobi na maduka ya Kisumu, ndipo ikamfikia mpiga picha wa Kombewa, kituo kidogo karibu na Kisumu, ambaye riziki yake kubwa ilikuwa picha za pasipoti za waombaji wa vitambulisho. George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, alifika Kenya kuwinda mwaka 1926, lakini bidhaa yake iliendelea kupita katika mikono ya wengine.

Enzi ya nyeusi na nyeupe, fundi aliweza kusafisha filamu mwenyewe katika chumba cha giza, kwa dawa na maji ya kawaida. Rangi ndiyo iliyomfunga: utaratibu wa kusafisha filamu ya rangi uitwao C-41, ulioanza mwaka 1972, unataka dawa yenye joto la karibu nyuzi 38 lisilopanda wala kushuka, jambo lililo gumu bila mashine, kwa hiyo roli ilipelekwa Kisumu, na mteja aliyepigwa picha ya kwanza alingoja hadi ya mwisho ipigwe. Marekani yenyewe iliwahi kuiona hatari ya kampuni moja kushika yote, kwani mwaka 1954 Kodak ililazimika kuacha kuuza filamu ya rangi pamoja na gharama ya kuisafisha kwa bei moja.

Kamera za dijitali zilipobomoa soko, kampuni zenyewe zikapasuka. AgfaPhoto, iliyotengwa na Agfa-Gevaert mwaka 2004, ilifilisika mwaka uliofuata. Kitengo cha Uingereza cha kampuni ya filamu ya Ilford kiliokolewa na mameneja wake walioanzisha Harman Technology. La ajabu zaidi ni la Kodak: baada ya kuomba ulinzi wa mahakama Januari 2012, ilibaki na kiwanda cha Rochester na filamu za sinema, ilhali haki ya kuuza filamu za picha za kawaida ilikwenda mwaka 2013 kwa Kodak Alaris, kampuni iliyomilikiwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kodak wa Uingereza, uliokuwa ukiidai Kodak takriban dola bilioni 2.8. Aliyetengeneza na aliyeuza wakawa wawili chini ya jina moja, hali ambayo kwa Kombewa haikuwa ngeni.

Kwa hiyo familia zenye negativu za zamani zisizitenganishe na bahasha zake: maandishi ya pembeni mwa ukanda humtaja mtengenezaji, lakini studio iliyozisafisha hutajwa na bahasha peke yake.