Haibridi na Programu Zake: Safari ya Masasisho Kutoka Japani Hadi Kinondoni na Temeke

Ulaji wa mafuta wa gari la haibridi hupangwa na programu kabla haujapangwa na mguu wa dereva. Gari hilo lina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua kila dakika nani afanye kazi na nani apumzike. Wahandisi wakibadilisha maelekezo ya kompyuta hiyo, gari lilelile, lenye injini ileile, katika barabara ileile ya Kilwa au ya Bagamoyo, linaweza kuanza kunusa mafuta au kuanza kuyanywa. Magari mengi ya aina hii yanayoonekana Tegeta, Mwananyamala, Chang'ombe na Mbagala yamekwisha kupitia mabadiliko kama hayo, au yamekwisha kuyakosa, kabla hayajapakiwa melini.

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, kisha ikaipeleka nje mwaka 2000. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2003 na cha tatu mwaka 2009, kikiwa na injini ya lita 1.8. Desemba 2011 ikafuata Aqua, ndogo zaidi, yenye injini ya lita 1.5. Kuanzia mwanzo, tofauti ya magari haya na ya petroli tupu haikuwa mota na betri peke yake. Kazi ngumu ilikuwa kuandika kanuni za kuviunganisha vyote bila dereva kubonyeza kitu.

Kanuni hizo zinashughulika na mambo manne. La kwanza ni lini injini izimwe, na gari liende kwa umeme hadi mwendo gani. La pili ni kiasi cha chaji. Betri za nikeli za Prius haziruhusiwi kujaa wala kuisha. Programu huzishikilia kati ya takriban asilimia 40 na 80 ili zidumu. La tatu ni breki: dereva anapokanyaga, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na breki za kawaida husaidia pale inapobidi. La nne ni joto la betri na la inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota.

Mambo hayo manne yote yanaonekana katika foleni ya jioni kutoka Mtoni kwenda Mbagala Rangi Tatu. Gari linasogea hatua chache kwa umeme, linasimama, linasogea tena, na injini imenyamaza. Lakini kiyoyozi cha Prius na Aqua huendeshwa na umeme wa betri hiyohiyo. Baada ya muda chaji inashuka hadi kiwango kilichowekwa, na injini inawaka yenyewe gari likiwa limesimama, si kwa ajili ya safari bali kwa ajili ya kuchaji. Ndiyo maana foleni ya Februari, joto la Dar es Salaam likiwa juu, hula mafuta kuliko foleni ya Julai. Kiwango cha kuiamsha injini kimeandikwa ndani ya programu, na kinachoandikwa huweza kuandikwa upya.

Mbio za namba

Nchini Japani, mashindano ya namba za mafuta yalipamba moto kati ya mwaka 2011 na 2014. Aqua ilipotoka, kipimo rasmi cha Japani kilichoitwa JC08 kiliipa kilomita 35.4 kwa lita. Septemba 2013 Honda ikajibu kwa Fit Haibridi mpya, kilomita 36.4. Kabla mwaka huo haujaisha, Aqua iliyofanyiwa marekebisho ikapewa kilomita 37.0. Toyota haikuhitaji injini mpya kupata ongezeko hilo. Ilipunguza msuguano ndani ya injini iliyokuwapo na kuboresha namna mota na inveta zinavyoongozwa.

Namba hizo hupimwa maabara, kwenye rola, kwa ratiba maalumu ya mwendo. Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini haimo katika ratiba hiyo. Kwa hiyo mmiliki wa Aqua anayepata kilomita 20 kwa lita mjini hajaibiwa na programu; ameondoka tu kwenye mazingira ya maabara.

Mbio hizo ziligharimu. Fit mpya ilikuwa na giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba, na mota ndani yake. Oktoba 2013, mwezi mmoja tu baada ya kuingia sokoni, Honda ilianza kuwaita wateja warudishe magari, na hadi Oktoba 2014 ilikuwa imetoa wito wa aina hiyo mara tano. Mara kadhaa kosa lilikuwa kwenye programu inayoongoza giaboksi, na dawa ilikuwa kuiandika upya. Viongozi wa juu wa kampuni walikatwa sehemu ya mishahara kwa kadhia hiyo.

Sasisho linapopunguza, sasisho linapoongeza

Kisa kilichoonyesha waziwazi kwamba sasisho linaweza kuongeza ulaji wa mafuta kilitokea Marekani. Betri za Honda Civic Haibridi za mwaka 2006 hadi 2008 zilikuwa zikichoka mapema. Mwaka 2010 Honda ilitoa programu mpya iliyopunguza kazi ya betri ili idumu. Mzigo ulioondolewa kwenye betri ukahamia kwenye injini, na wamiliki wakalalamika kwamba wanasimama kituo cha mafuta mara nyingi zaidi. Mmoja wao, Heather Peters, aliacha kujiunga na kesi ya pamoja, akaipeleka Honda kwenye mahakama ya madai madogo huko Torrance, California. Alidai gari lililotangazwa kwa maili 50 kwa galoni, yaani kama kilomita 21 kwa lita, lilikuwa likimpa maili 30, sawa na kilomita 13 hivi. Februari 2012 alishinda na kupewa dola 9,867. Mei mwaka huohuo Honda ikashinda rufaa.

Mwaka uliofuata Ford ilikwenda upande wa pili. C-Max Haibridi ilitangazwa kwa maili 47 kwa galoni, wanunuzi wakawa hawazifikii. Julai 2013 kampuni ilitangaza sasisho la bure kwa C-Max na haibridi nyingine mbili za mwaka huo. Programu mpya iliruhusu gari kwenda kwa umeme tupu hadi maili 85 kwa saa badala ya 62, na kufupisha muda wa kupasha injini moto. Hata hivyo, Agosti Ford ililazimika kuishusha namba iliyotangazwa kutoka 47 hadi 43. Programu iliweza kuokoa mafuta kidogo, lakini haikuweza kuziba pengo lote.

Prius nayo ilipitia masasisho yaliyolenga usalama kuliko mafuta. Februari 2010 Toyota iliita takriban magari 437,000 duniani kubadilisha programu ya breki. Februari 2014 iliita Prius za kizazi cha tatu zipatazo milioni 1.9, kati yake karibu 997,000 zikiwa Japani. Programu ilikuwa ikiziruhusu transista za inveta kupata joto kupita kiasi pale gari linapohitaji nguvu nyingi, zikaharibika, na gari likazima au likabaki na nguvu hafifu. Oktoba 2018 ukaja wito mwingine wa magari takriban milioni 2.4, kwa kuwa marekebisho ya awali hayakuwa yametosha: kwa nadra gari liliweza kuzima kabisa badala ya kuingia katika mwendo wa dharura. Sasisho likawa limehitaji sasisho.

Kinachofika bandarini

Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Japani, na hilo limeifanya bandari ya Dar es Salaam, iliyoko Temeke, kuwa mlango mkuu wa magari yaliyotumika. Kodi nayo huchagua magari. Ushuru wa bidhaa hupanda kwa ukubwa wa injini: gari la kati ya cc 1,001 na 2,000 hutozwa asilimia 5, la zaidi ya hapo asilimia 10, na lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Aqua na Fit zinaingia kwenye kundi la asilimia 5, na Crown Haibridi ya lita 2.5 kwenye asilimia 10. Bei ya mafuta imeongeza mvuto. Agosti 2022 bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,410 kwa lita.

Gari linaposhuka melini, redio yake bado inasaka masafa ya Japani, ya megahezi 76 hadi 90, na kifaa cha kulipia barabara kinaongea Kijapani kila swichi inapowashwa. Programu ya injini nayo ni ileile liliyoondoka nayo. Kama mmiliki wa kwanza aliitikia wito wa kiwanda, gari limekuja na toleo jipya. Kama alipuuza, limekuja na la zamani, na hakuna barua itakayomfuata mnunuzi wa Sinza au Tandika, kwa sababu wito wa Japani huelekezwa kwa mmiliki aliyesajiliwa huko.

Ushahidi upo kwenye mlango. Karakana za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo yenye namba kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jirani na komeo, kila marekebisho ya wito yanapokamilika. Kwenye yadi za magari stika hizo hupitwa kama alama za kiwandani, na nyingine hubanduka gari linapooshwa na kupigwa rangi. Njia ya uhakika zaidi ni namba ya chesisi. Ya Prius ya kizazi cha tatu huanza na ZVW30, ya Aqua NHP10, na ya Fit Haibridi ya mwaka 2013 GP5. Kurasa za Kijapani za watengenezaji huipokea namba hiyo na kuonyesha marekebisho ambayo hayajafanyika. Kurasa za Marekani na Ulaya haziitambui, kwa kuwa huko hutumika namba ya tarakimu na herufi 17.

Kwenye gereji bubu

Mafundi umeme wa magari wa gereji bubu wameuzoea mkoba wa kompyuta ndogo na kebo inayochomekwa chini ya usukani. Kwa vifaa hivyo husoma namba za hitilafu, huzifuta, na kuangalia volti za kila sehemu ya betri. Kazi hiyo mara nyingi huitwa kusasisha gari, ingawa ni jambo jingine. Kufuta hitilafu huondoa kumbukumbu tu. Kusasisha ni kuingiza programu mpya yote kwenye kontroli boksi, na huhitaji faili halisi la boksi hilohilo pamoja na umeme wa volti 12 usioyumba tangu mwanzo hadi mwisho. Umeme ukishuka katikati, boksi linaweza kubaki bubu na gari lisiwake tena.

Kumbukumbu ikifutwa, au betri ndogo ikichomolewa, kompyuta hupoteza pia vipimo ilivyojifunza kuhusu injini. Kwa siku chache ulaji wa mafuta huyumba mpaka ijifunze upya. Hivyo gari lililotoka kwa fundi jana haliwezi kupimwa leo. Kipimo cha kuaminika ni cha tangi kwa tangi: kujaza hadi pampu ikate, kuandika kilomita, kutembea kama kawaida, kujaza tena katika kituo kilekile, kisha kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Matangi matatu hutoa picha halisi kuliko namba ya kwenye dashibodi. Tofauti inayotafutwa si ndogo. Gari linalotembea kilomita 60 kwa siku hutumia lita 3 likipata kilomita 20 kwa lita, na lita 3.75 likishuka hadi 16. Kwa petroli ya shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 2,250 kila siku.

Kabla ya kuilaumu programu, vumbi huangaliwa kwanza. Betri ya Prius na ya Aqua hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Katika mitaa isiyo na lami ya Bunju au Chamazi tundu hilo huziba kwa vumbi na nyuzi za vitambaa. Betri ikipata joto, programu hupunguza matumizi yake kwa makusudi, na injini hubeba mzigo, kama ilivyotokea kwa Civic baada ya sasisho la mwaka 2010. Dawa hapo ni brashi na kisafisha vumbi. Betri iliyochoka huleta dalili hizohizo. Ya Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28, na moduli moja dhaifu hutosha kuivuruga hesabu yote ya kompyuta.

Magari yanayofuata yameanza kuibadili njia ya masasisho. Juni 2018 Toyota ilitoa Crown na Corolla Sport zenye modemu ya kiwandani kwa soko la Japani, na mwaka 2021 ikaanza kutuma programu za uendeshaji hewani kwa Mirai na Lexus LS, bila gari kwenda karakana. Modemu hizo hutegemea mtandao wa simu wa Japani na akaunti ya mmiliki wa huko, kwa hiyo hunyamaza gari likiwa baharini. Magari ya mwaka 2018 yanatimiza miaka minane mwaka 2026. Yatakayofika Temeke yatakuwa na toleo la programu lililopokelewa siku ya mwisho gari lilipowashwa Japani.