Mwana wa Fundi Kufuli na Kipimo cha Umeme

Tunapozungumzia imani na elimu katika sharika zetu, tumezoea kuwataja wamisionari waliojenga shule na hospitali. Safari hii tumemchagua mwalimu wa hesabu. Hakuwa mhubiri, lakini kila fundi anayefunga taa au vipaza sauti kanisani anafanya kazi kwa kanuni aliyoiacha.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani, katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza kufuli. Mzee huyo hakupata shule ya kutosha, ila alijisomea mwenyewe mpaka akaweza kuwafundisha wanawe hesabu nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa bado mtoto. Alipoingia chuo kikuu, kijana alinogewa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu, hata baba akamwondoa chuoni kwa hasira, naye akaenda Uswisi kufundisha. Wazazi wenye vijana vyuoni hawahitaji kuelezwa zaidi. Baadaye alirudi Erlangen, na mwaka 1811 akapata shahada ya udaktari.

Kuanzia mwaka 1817 alifundisha Köln, katika shule yenye maabara nzuri. Huko akashikwa na swali moja: waya ukirefushwa, umeme unaopita hupungua kwa kiasi gani? Kwamba unapungua, watu walijua. Kiasi chake ndicho kilichokuwa fumbo. Mwaka 1825 alichapisha jibu, na jibu hilo halikuwa sahihi. Betri za wakati ule zilichoka haraka, hivyo kipimo cha mwanzo na cha mwisho havikufanyika kwa msukumo uleule.

Mwanafizikia Johann Poggendorff akamshauri atumie chanzo kilichotulia. Ohm akaunganisha vipande vya metali mbili, bismathi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Tofauti ya joto isipobadilika, msukumo wa umeme nao haubadiliki. Akapima upya kwa waya za urefu mbalimbali, akiangalia jinsi sindano ya sumaku inavyogeuka. Mwaka 1826 akatoa jibu jipya mbele ya wasomaji walewale waliosoma lile la kwanza. Kwetu sisi, hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana kuliko mahali pengine popote.

Kanuni yenyewe haitishi. Volteji ni msukumo wa umeme, mkondo ni wingi wa umeme unaopita, na ukinzani ni kiasi ambacho kifaa au waya unazuia upitaji huo. Gawanya volteji kwa mkondo, utapata ukinzani. Tuseme birika la umeme la kuchemshia chai linatumia volti 230 na kuvuta ampea 10. Chukua 230, gawanya kwa 10: ukinzani wake ni omu 23. Ukitaka nguvu yake, zidisha badala ya kugawanya: 230 mara 10 ni wati 2,300.

Hesabu ya joto ililetwa mwaka 1841 na Mwingereza James Joule. Yeye aligundua kwamba joto ndani ya waya hufuata mkondo mara mkondo, kisha mara ukinzani. Hapa tutulie kidogo. Chukua ule waya wa kuongezea tunaouita ekstensheni, na tuseme ni mwembamba, wenye ukinzani wa nusu omu. Birika moja la ampea 10 litaufanya utoe joto la wati 50. Chomeka birika la pili, mkondo ufike karibu ampea 20, na joto litakuwa karibu wati 200. Matumizi yameongezeka mara mbili, joto limeongezeka mara nne, na waya wenyewe umefichwa chini ya zulia ili wageni wasijikwae.

Tunaomba Mungu ailinde nyumba ya ibada, na tunafanya vema. Lakini katika barua yake ya mwaka 1527 kuhusu tauni, Luther alionya kwamba kukataa dawa na tahadhari kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu ni kumjaribu Mungu. Kamati ya ujenzi inayosema "hizi waya zitatosha, Bwana yupo" bila kumwita fundi wa kupima, ingefaa isomewe barua hiyo.

Ohm mwenyewe hakupata heshima upesi. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilipokelewa kwa ubaridi na baadhi ya wasomi wa nchi yake. Akaacha kazi Köln, akakaa miaka kadhaa Berlin bila cheo cha chuo kikuu alichokitarajia, hadi mwaka 1833 alipopata kazi Nürnberg.

Wa kwanza kuifikia kanuni hii hakuwa yeye. Tajiri Mwingereza Henry Cavendish aliifikia katika karne ya 18, akipima mkondo kwa ukali wa mshtuko alioupata mwilini mwake. Hakuichapisha. Maandishi yake yalitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1879, wakati dunia ilikuwa imeshajifunza kwa Ohm. Tukisoma mfano wa talanta katika Mathayo 25, Cavendish hutujia akilini, ingawa alijihatarisha kuliko yule mtumwa.

Mwaka 1841, mwaka uleule wa Joule, Royal Society ya London ilimpa Ohm nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia München aliupata mwaka 1852, akafariki mwaka 1854. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1881 uliamua kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Alama yake ni herufi ya Kigiriki omega. Vijana wa kipaimara wakiiona kwenye kipimo cha fundi, huuliza kama inahusiana na kitabu cha Ufunuo. Haihusiani, inabeba tu sauti ya mwanzo ya jina la mwana wa fundi kufuli.