Maua ya Chelsea Baada ya Vita

Katika mji wa London, kila mwaka mwezi wa Mei, maelfu ya watu hulipa kiingilio ili watazame maua na bustani tu. Sisi tuliozoea kulima kwa ajili ya chungu twaweza kustaajabu. Maonyesho hayo hufanywa Chelsea, katika viwanja vya nyumba kubwa aliyoianzisha Mfalme Charles wa Pili mwaka wa 1682, iwe makao ya askari wazee na vilema. Askari wazee wangalimo hata leo, na kwa wekundu makoti yao hayashindwi na waridi lo lote.

Wenye maonyesho ni Chama cha Kifalme cha Bustani, kilichoanzishwa mwaka wa 1804. Zamani walionyesha Kensington, kisha katika bustani za Temple karibu na mto Thames, na mwaka wa 1913 wakahamia Chelsea. Vita vya kwanza viliwazuia mwaka wa 1917 na 1918. Vita vya pili vikawazuia zaidi: tangu mwaka wa 1940 hata 1946 hapakuwa na maonyesho, na serikali ilivitaka viwanja vile iweke mizinga ya kutungulia ndege.

Basi vita vilipokwisha, likazuka swali: tuanze tena lini? Wenye vitalu walio wengi walisema, Tungoje. Wala hawakusema hivyo kwa uvivu. Miaka yote ya vita walikuwa wameagizwa kulima chakula, na nyumba za vioo zilizokuwa za maua zilijaa nyanya. Miche ilikuwa imepungua, mafundi wa bustani walikuwa wachache, na makaa ya kuzipasha joto nyumba hizo hayakupatikana ila kwa kibali. Tena baridi ya mwanzo wa mwaka wa 1947 ilipita desturi. Theluji ilifunga njia, na viwanda vikasimama kwa kukosa makaa. Hata mkate ulikuwa ukitolewa kwa kadi, jambo ambalo halikufanyika wakati wa vita vyenyewe!

Mkuu wa chama alikuwa Lord Aberconway, ambaye naye alikuwa na bustani mashuhuri huko Wales. Yeye na baraza lake walishikilia kwamba maonyesho yasicheleweshwe. Twaona kila upande ulikuwa na haki yake. Mwenye kitalu alijua hesabu ya hasara yake, na mtu mwenye njaa halishwi waridi. Lakini aina ya ua isiyotunzwa hupotea kabisa, na mnunuzi asiyeliona ua hataulizia mche wake.

Neno la baraza likashinda. Mei 1947 mahema yakasimamishwa Chelsea, na maonyesho yakafaulu sana. Waliokwenda kutazama wakarudi makwao na kadi zao za mkate mifukoni. Kadi hizo hazikuondolewa hata Julai 1948.