Toroli la gofu la betri: anza na mteremko, mota baadaye

Begi la gofu lililojaa lina uzito wa kilo 12 hadi 15. Kanuni za mchezo zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, halafu ongeza mipira, maji, mwavuli na koti la mvua. Sasa libebe begani mashimo 18, mwendo wa kama kilomita 8, jua la Morogoro likiwa utosini. Anayebeba mara nyingi si mchezaji mwenyewe. Ni kedi.

Toroli la gofu la betri ni kigari cha magurudumu mawili au matatu kinachobeba begi hilo, huku mtu akitembea nyuma au pembeni akiliongoza kwa mpini. Usilichanganye na kile kigari cha kupanda na kukaa. Hapa unatembea kama kawaida, kinachopungua ni mzigo tu. Uingereza matoroli haya ni kitu cha kawaida tangu miaka ya 1980.

Je, fundi wa huku kwetu anaweza kuliunda? Anaweza. Kwa aliyeko Mzumbe, uwanja wa gofu upo mjini, Morogoro Gymkhana, safari ya kilomita 20 na ushee kwa barabara ya Iringa. Lakini sehemu ya kulijaribia ipo mlangoni. Chini ya Uluguru huhitaji kutafuta mlima, na mlima ndio utakaokuambia kama toroli lako ni zima.

Wengi wanaanza kwa kuuliza, "Niweke mota gani?" Swali hilo liache kwanza. Anza na uzito na mteremko.

1. Piga hesabu ya mzigo

Chukua mfano huu: begi kilo 15, fremu na magurudumu kilo 8, mota mbili kilo 3, betri kilo 3, waya na vifaa vingine kilo 1. Jumla kilo 30.

Kwenye nyasi fupi na tambarare, kulivuta kunahitaji nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Yaani kama kilo 3. Nyasi zikiwa ndefu au zimelowa, inapanda.

Ukikuta mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, ongeza kilo 3 nyingine. Ukipanda mita 2 kwa kila mita 10, ongeza kilo 6. Kwa hiyo kwenye mlima mkali wa namna hiyo toroli linahitaji kusukumwa kwa nguvu ya kilo 9. Hiyo namba ndiyo itakayochagua mota.

2. Mota na gurudumu ni ndugu

Mtu akitembea na mzigo huenda kilomita 4 hivi kwa saa. Toroli lisimkimbize wala lisimcheleweshe.

Gurudumu la upana wa sentimita 35 likizunguka mara moja linaenda mita 1.1. Likizunguka mara 60 kwa dakika, hiyo ni mita 66, sawa na kilomita 4 kwa saa. Hapo ndipo mota ya waipa ya gari inapoingia. Inatumia volti 12, inapatikana kwa wauza spea za mitumba, na nyingi huzunguka taratibu, karibu na kasi hiyo hiyo, kwa sababu zina gia ndani.

Ukiweka gurudumu kubwa zaidi, toroli litakuwa na mwendo lakini mlimani litachoka. Ukiweka dogo, litakuwa na nguvu lakini utalisubiri. Ndiyo maana huwezi kununua mota leo na magurudumu wiki ijayo bila kupiga hesabu ya vyote pamoja.

Kwa ule mlima mkali wetu, magurudumu yanahitaji wati 100 hivi. Nguvu nyingi hupotea kwenye gia na joto, kwa hiyo betri itoe kama wati 200. Kwa volti 12 hizo ni ampea 17. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, na waya wa milimita 4 za mraba. Waya mwembamba wa redio utaungua.

Mota za waipa za gari dogo zinaweza kuupanda mlima huo kwa kipande kifupi, si kwa robo saa mfululizo. Zishike kwa mkono baada ya kupanda. Kama huwezi kuvumilia joto lake, tafuta mota kubwa zaidi yenye gia.

3. Kwa nini mota mbili?

Mota moja ikizungusha ekseli moja iliyofunga magurudumu yote mawili, toroli litang'ang'ania kwenda mbele. Kona inakuwa ugomvi. Gurudumu la nje linataka kwenda haraka, la ndani linakataa, na nyasi zinachubuka. Hapo msimamizi wa uwanja atakufukuza, na atakuwa na haki.

Mafundi wengine wanatatua hili kwa friweli ya baiskeli, ile inayokuruhusu uache kukanyaga pedeli huku tairi likiendelea kuzunguka. Kona inakuwa laini kweli. Lakini ukianza kushuka, friweli inaliachia gurudumu lizunguke lenyewe. Mota haishiki kitu. Umepata kona, umepoteza breki.

Kwa hiyo weka mota mbili, kila gurudumu na yake. Kwenye mpini weka kidhibiti mwendo cha volti 12, kile chenye kitasa cha kuzungusha, ili toroli lianze taratibu na lisiruke.

4. Mteremko: hapa ndipo watu wanapoumia

Rudi kwenye lile toroli la kilo 30. Liachie kwenye mteremko wa mita 2 kwa kila mita 10, bila breki. Ndani ya mita 20 tu litakuwa linakwenda kilomita 22 kwa saa. Hiyo ni kasi ya baiskeli iliyokazana, na mbele yake kuna fimbo za chuma. Wachezaji wa shimo linalofuata wamekupa mgongo.

Kinga ni tatu, na zote ziwepo:

- Gia inayojifunga. Mota nyingi za waipa zina gia ya skrubu: mhimili wenye meno kama ya skrubu unasukuma gurudumu la meno. Mota inaweza kulizungusha tairi, lakini tairi haliwezi kuizungusha mota kirahisi. Kwenye mteremko toroli linakwenda kwa mwendo wa mota tu.
- Swichi ya kuachia. Toroli litembee pale tu mkono umeibana swichi. Ukiteleza, ukianguka, ukikimbilia simu, umeme unakatika.
- Breki ya kuegesha. Hata gia inayojifunga inaweza kulegea ikichakaa au ikitikiswa. Kipande cha chuma kinachoingia kati ya spoku au kubana tairi kinatosha.

Gia hiyo ina kasoro moja. Betri ikiisha shimo la 13, magurudumu hayazunguki kabisa. Utaliburuta toroli kama mbuzi aliyegoma. Dawa yake ni pini: gurudumu lishikane na mhimili wa mota kwa pini ya kuchomoa. Ukiichomoa, gurudumu linazunguka huru na toroli linakuwa la kusukuma kwa mkono. Ichomoe sehemu tambarare tu, maana ukishaitoa, mota haishiki tena.

Rimoti iache kwa toleo la kwanza. Mkono ukiwa mbali na mpini, ile swichi ya kuachia haina maana.

5. Fremu isipinduke

Nafasi kati ya magurudumu mawili ya nyuma iwe angalau sentimita 60. Betri ikae chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli. Kuna sababu: mota zikisukuma kwa nguvu mlimani, pua ya toroli inataka kunyanyuka. Uzito wa betri mbele unaishikilia chini. Gurudumu dogo la tatu, la mbele, linalogeuka kila upande, linasaidia.

Bomba la chuma la mraba la milimita 25 linatosha, na fundi yeyote wa kuchomelea analo. Tairi ziwe pana, sentimita 5 au zaidi. Tairi nyembamba za baiskeli zinachora mistari kwenye nyasi, hasa kipindi cha masika. Na hata likiwa na tairi pana, toroli halipandi kwenye grini, pale penye shimo. Liegeshwe pembeni.

Mpini uweze kupanda na kushuka. Kedi wa miaka 20 mwenye futi 6 na mama mchezaji wa futi 5 hawawezi kutumia urefu mmoja.

6. Betri: hapa usiende kwa bei tu

Kwa kilomita 8 zenye milima ya kiasi, toroli letu litatumia kama wati-saa 200. Mashimo 9 ni nusu yake.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 18 inasomeka wati-saa 216, lakini ukiizoesha kuimaliza zaidi ya nusu inakufa mapema. Kwa hiyo inakutosha mashimo 9 tu, na ina uzito wa kilo 5 na zaidi. Kwa mashimo 18 utahitaji mara mbili yake, na hapo umeanza kubeba betri badala ya begi.

Betri ya lithiamu fosfeti ya ampea-saa 20 ina wati-saa 256. Unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani 205. Inatosha mashimo 18, japo bila akiba kubwa, na uzito ni kilo 3 hivi. Ni ghali kununua, ila hujichaji mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Inunue yenye saketi ya ulinzi ndani, na uichaji kwa chaja ya aina yake. Chaja ya betri ya gari inaweza kuiharibu. Paneli ya sola ya wati 100 yenye kidhibiti sahihi inaijaza kwa siku moja ya jua zuri. Siku ukungu ukishuka toka mlimani, panga mbili.

Betri na kidhibiti mwendo viwe ndani ya boksi lenye mfuniko, waya zitokee chini. Waya ukitokea juu, maji ya mvua yanaufuata mpaka ndani.

7. Jaribu kwa mpangilio huu

Usipeleke toroli uwanjani siku ya kwanza. Tumia mfuko wa mchanga wa kilo 15 badala ya begi la watu.

1. Tambarare, bila mzigo. Achia swichi: je, linasimama ndani ya hatua moja?
2. Tambarare, na mzigo. Piga kona kushoto na kulia.
3. Kupanda. Simama katikati ya mlima, achia kila kitu. Lisirudi nyuma.
4. Kushuka, mwenzako akiwa ameshika kamba nyuma. Kamba isitolewe mpaka limeshuka mara 10 bila kukimbia.
5. Saa mbili mfululizo, huku ukipima joto la mota na volti za betri.

Likifeli namba 3 au 4, rudi karakana. Hakuna "litakaa sawa lenyewe".

Likipita yote, omba kwanza ruhusa ya klabu. Kila uwanja una taratibu zake.

Na kedi je?

Hili ndilo swali linalowapa wengi wasiwasi. Kama begi linajiendesha, kedi atakula wapi?

Kedi mzuri halipwi kwa bega peke yake. Anajua umbali uliobaki, upepo unatokea wapi, mpira umeangukia majani gani, grini inainamia upande gani. Mambo hayo toroli halijui. Lakini ni kweli pia kwamba mchezaji anayetaka kubebewa tu anaweza kuona kedi si lazima tena.

Kwa hiyo fundi ana uamuzi wa kufanya kabla ya kuchomelea bomba la kwanza: toroli hili nalitengeneza kwa nani? Likiwa la kedi, yeye ndiye mwenye mpini na ndiye analikodisha, basi ameongeza kipato na amepumzisha mgongo. Mwenye mgongo mzima anaweza kufanya kazi hii miaka mingi zaidi.

Na siku ambayo hakuna gofu, toroli halilali. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, zaidi ya lile begi letu la kilo 15. Ukilipa nafasi, fanya hesabu upya: mzigo umepanda, na mteremko wa Uluguru ni ule ule.