Kibweta cha Filamu: Istilahi ya Kitu Kilichotoweka

Katika nyumba moja ya kata ya Sokon I, mjini Arusha, tulionyeshwa picha za familia zilizo sawa pande zote nne. Mama mwenye nyumba alituuliza kwa nini picha zake za zamani ni za mraba ilhali za wanawe ni ndefu. Jibu la ufundi tulikuwa nalo. Jina la Kiswahili la kukamilisha jibu hilo hatukuwa nalo, na kwa watu wa kazi yetu hiyo ni aibu kidogo.

Picha za namna hiyo ni za kamera aina ya Instamatic, iliyotolewa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka 1963. Kabla yake mtu alipaswa kuitandaza filamu kwa mkono wake, na akikosea, mwanga uliingia na picha zikaungua. Katika Instamatic filamu yenye upana wa milimita 35 ilikuwa imekwisha kufungwa kiwandani ndani ya kijisanduku cha plastiki chenye vyumba viwili: ilitoka chumba kimoja ikajikunja katika cha pili, wala haikurudishwa nyuma. Mtu alikipachika tu, akafunga kamera. Kufikia 1970 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 50. Kodak iliacha kutengeneza filamu hiyo mwishoni mwa 1999.

Je, kijisanduku hicho kiitwe nini? Neno lake la Kiingereza ndilo pia la risasi, na mfasiri asiye mwangalifu aweza kumtia mpiga picha bunduki mkononi. Maofisini husemwa katriji, lakini hapo msikilizaji huwaza wino wa mashine ya kuchapa. Kaseti imekwisha kuchukuliwa na nyimbo. Mkebe twauachia filamu ya kawaida, ambayo kweli hukaa katika mkebe wa bati. Sisi twapendekeza kibweta. Wako watakaopinga kwamba bweta lina kifuniko cha kufungua, na hiki hakifunguliwi ila na msafishaji gizani; hoja hiyo ina uzito, nasi twaipokea.

Wengine watauliza faida ya kukipa jina kitu kilichokufa. Vitabu vya maelezo, orodha za makumbusho na albamu za watu bado vipo, navyo vitahitaji kufasiriwa. Isitoshe, lugha yenyewe haitupi upesi: studio za picha zingali zikisema kusafisha picha, ingawa picha hizo zatoka kwenye simu na hakuna dawa ya maji inayozigusa.